Ndoo Nane na Muhuri Mmoja

2 Aprili

Mama mdogo, shikamoo.

Mimi mzima, kama bado unauliza. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na saa ya ukutani, na yenyewe imesimama. Kazini ndiyo usiseme. Kipara, bosi wangu, bado hana unywele hata mmoja na bado anawapa wateja ushauri wa nywele, ila kiti cha dirishani amenikabidhi mimi, kwa sababu watu wanaingia wakisema wanamtaka Mkasi. Mkasi ndiye huyu anayekuandikia. Shule tuliachana kwa makubaliano, lakini kichwa cha mtu nikishakitengeneza, hata mama yake anapishana naye njiani asimjue. Mwenye nyumba anakusalimia. Chumba chako cha zamani sijakigusa, nimeweka baiskeli tu.

Sasa sikiliza, na usije ukadhani nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza.

Nilipokuwa napanga vitu vya mama nikakuta ndani ya kopo lake la vifungo kipande cha kalenda kimekunjwa mara nne, na mbegu kumi na moja zimegandia. Unazijua. Ni za nyanya yake ile bapa yenye mikunjo, aliyoiita Mnene, ambayo sokoni haipo. Hakuwahi kumpa mtu mbegu zake isipokuwa wewe, na zako uliandika mwenyewe kwamba panya wa kambi yenu ya barabara walizimaliza. Kwa hiyo hizi kumi na moja ndizo zote zilizobaki duniani. Nimezipanda zote. Usinune, nilishafanya. Nane zimeota. Nimeziweka juu ya paa, hapa hapa juu ya saluni, pale pale alipokuwa anaweka zake, ila ndoo ni mpya, zile za rangi za lita ishirini, nimeziomba kwa mafundi wanaopaka nyumba ya jirani.

Mama mdogo, ungeziona. Shina kama kidole gumba, urefu zinanifika kifuani, majani meusi kwa ubichi. Kila Jumapili nazipa samadi ya kuku, na kila jioni nafagia nywele za saluni nazifukia humo. Maji nazipa mara tatu kwa siku, mimi si bahili. Lakini ua hata moja hakuna. Majani ya chini yamekuwa manjano yanaanguka, na ya juu yamejikunja kama masikio ya mbwa aliyekaripiwa. Wapi nimekosea? Au tuseme, wapi zimekosea zenyewe?

Ningemuuliza mama, lakini unajua aliko. Au hujui, maana hukuja kuona tulipomweka.

Mwanao,
Mkasi


23 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Barua yako ililala siku tisa katika sanduku la kampuni ikisubiri lori la mafuta, kisha lori likaharibikia kwenye mchepuko tuliouchonga wenyewe. Mimi mzima. Kambi imehama tena, ni mara ya pili mwaka huu. Nimebadilishiwa greda, nimepewa lenye kiti kilichopasuka na jembe linalovutia kushoto, kwa hiyo jioni nashuka nimepinda. Mpishi wa kambi anakusalimia ingawa hakujui. Anasalimia kila mtu ninayemwandikia.

Nijibu ulichouliza.

Ndoo zako umezitoboa? Najua hujazitoboa. Dada alikuwa anatoboa matundu matano chini ya kila ndoo, kisha anaikalisha juu ya matofali mawili ili maji yapate pa kutokea. Wewe umezichukua kwa wapaka rangi zikiwa nzima kama zilivyo, ukajaza udongo, ukamimina maji mara tatu kwa siku. Hiyo si ndoo ya nyanya, ni kisima. Mizizi inazama, inakosa hewa, inaoza, ndiyo maana majani ya chini yanageuka manjano. Toboa. Baada ya hapo kabla ya kumwagilia chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatokee chini. Kikitoka na unyevu, ondoka hapo. Yale ya manjano yakate, si unajiita Mkasi.

Samadi ya kuku acha kabisa. Nywele nazo fukua zinazofukulika. Vyote viwili vinalisha majani tu, na mmea ukilishwa majani hauna haja ya kuzaa. Unanenepa na kujipenda. Mfano unao kwenye kioo chako cha kazini.

Majani ya juu kujikunja kama yalivyo, mabichi na bila madoa, si ugonjwa. Ni shibe na jua. Yaache.

Na kuzipanda zote kumi na moja bila kubakiza hata moja, hilo sina la kusema. Dada alikuwa hapandi zote hata mwaka mmoja.

Neno lako la mwisho nimelisoma. Silijibu.

Mama yako mdogo


9 Mei

Mama mdogo, shikamoo.

Mzima. Kipara aliumwa jino wiki nzima, saluni ikawa na amani. Mwenye nyumba hanisalimii tena na sababu ni wewe. Nilitoboa ndoo kwa msumari wa moto kama fundi, matundu matano kila moja, nikamwagilia mpaka maji yatokee chini kama ulivyosema. Yalitoka. Yalitoka na rangi ya samadi ya miezi miwili, yakafuata ufa wa paa, yakatua kwenye kamba yake ya nguo, juu ya mashuka meupe. Alinipandia ngazi na shuka mkononi. Maneno aliyonitukana mengine nilikuwa siyajui, na mimi nafanya kazi saluni.

Lakini nakiri, manjano yamekoma. Maua yametoka, kila mche una vishada vitatu vinne. Nilimpandisha Kipara juu ayaone. Kisha yakaanza kuanguka. Linafunguka leo, kesho kutwa kikonyo kinakuwa manjano pale kwenye kifundo, ukigusa linabaki mkononi. Jana asubuhi nimeokota maua ishirini na saba chini ya ndoo. Nyanya hata ya ukubwa wa punje haipo.

Usiseme upepo umeyaangusha, maana nilishafikiria. Nimezihamishia ndoo zote nyuma ya tangi la maji, pembeni ya ukuta, hata unyoya haupeperuki. Na kulikuwa na vidudu vyeupe vidogo chini ya majani, ukitikisa vinaruka kama poda ya mtoto. Nilivipulizia spiriti ya saluni, ile ya kusafishia mashine. Vilikufa. Majani nayo yameungua kingo, yamekuwa ya kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni.

Sasa nikuulize nami. Ulisema hujibu. Kwa nini hujibu? Desemba nilikuandikia kwa mkono wangu, mama anakuita, njoo haraka. Dada yako wa tumbo moja. Ukakaa juu ya greda lako unasawazisha njia za watu wengine. Akafa akiangalia mlango. Unanifundisha kuchomeka kidole kwenye udongo, wewe udongo wa dada yako hujaushika hata konzi moja.

Kama maua haya yakiisha, ya mama yameisha. Nijibu ya maua, hilo lingine kaa nalo.

Mkasi


30 Mei

Mkasi,

Marahaba. Mimi mzima. Habari za huku hazina maana leo.

Spiriti ni ya chuma, haipuliziwi kwenye kitu chenye uhai. Majani yaliyoungua hayatapona, kata yaliyoharibika zaidi ya nusu, mengine yaache yaendelee kufanya kazi. Vidudu vyeupe vikirudi, tumia maji yenye sabuni kidogo sana, kijiko kwa lita, chini ya majani, jua likishapungua. Mche ukiona majani yake machanga yanatoka madogo, manjano na yaliyojikunja kama kijiko, ng'oa huo mche mara moja, vidudu vimeuambukiza, utaua na wenzake.

Ondoa ndoo nyuma ya tangi leo hii. Ukuta ule unashika joto la mchana kutwa na kulitoa jioni. Umeziweka kwenye tanuri ukafunga mlango. Nyanya ikizidiwa na joto inatupa maua. Tena ua la nyanya lina dume na jike ndani ya kikombe kimoja, linachohitaji ni kutikiswa tu ili chavua, ule unga wa ndani, udondoke. Upepo hulitikisa, au nyuki. Wewe umelificha upepo, na nyuki umewanywesha spiriti. Unadhani dada alikuwa anafanya nini juu ya paa kila asubuhi akigonga vikonyo kwa kidole? Ulidhani anazisalimia. Alikuwa anazipa kazi. Zitikise, kila asubuhi umande ukishakauka.

Na hilo lingine sikai nalo, maana si langu. Barua yako ya Desemba ninayo. Ninazo zote mbili. Kabla hujaniita tena mtu asiye na dada, kaa chini uikumbuke vizuri hiyo Desemba, siku moja moja. Mimi siku hizo nimezihesabu.

Mama mdogo


14 Juni

Mama mdogo, shikamoo.

Kaa vizuri kwenye kiti chako kilichopasuka, maana habari ninayokupa si ya kusikia umesimama.

Nilirudisha ndoo upande wa wazi. Nikaanza kugonga kwa kidole kama ulivyosema. Siku tatu, hamna kitu. Mkono wangu mzito, nikigonga kishada kinavunjika, nimevunja viwili. Nikakaa pale nimeshika mashine ya kunyolea, nilikuwa nimepanda nayo kuisafisha kwa hewa, nikaiwasha ili nitoe vumbi. Si unajua inavyotetemeka. Wazo likanijia kama lilikuwa linanisubiri. Nikaigeuza, nikagusisha mgongo wake kwenye kikonyo, hapa tu, nyuma ya ua. Mama mdogo, unga ulitoka. Unga wa manjano, kwa macho yangu, umetua kwenye kidole gumba. Hata nyuki akiambiwa aache kazi aandike barua, mimi naweza kushika nafasi yake.

Kipara alinifuata juu akitafuta mashine. Akanikuta nimeinama mbele ya ndoo, mashine inanguruma, na chini mteja amekaa na kitambaa shingoni.

“Huyo naye anataka mtindo gani?” akaniuliza.

Nikamwambia wa kuzaa. Alicheka mpaka akashika tangi. Tangu siku hiyo kila saa nne asubuhi ananipa dakika kumi, na wateja wawili wameshapanda kuangalia. Majibu ni haya: nyanya kumi na tatu zimeshika. Kumi na tatu. Za kwanza ni kama gololi, na mikunjo yake tayari, unaiona Mnene kabisa ikiwa mtoto. Hakuna mtu aliyewahi kufanya hivi, na kama yupo asijitokeze.

Nilitaka barua iishie hapo. Lakini umeandika unazo barua zote mbili, na kwamba umehesabu siku, kama vile mimi ndiye mwenye deni la siku. Basi nikuhesabie nami. Siku ya maziko watu waliniuliza mara saba, mdogo wake yuko wapi. Mara saba. Nikawaambia ana barabara. Mwenye nyumba akasema pengine barua haijafika. Nikasema imefika, nimeituma mapema, ni yeye tu. Nani alibeba aibu hiyo? Ulisema nikumbuke. Nimekumbuka. Wewe soma tena ile ya kwanza, uone ilivyoandikwa wazi.

Nyuki wako,
Mkasi


2 Julai

Mkasi,

Marahaba. Nyanya kumi na tatu ni kazi nzuri, na ile ya mashine sikuijua. Nimemsimulia mpishi. Nitakuwa mwongo nisiposema nilicheka. Zikifika ukubwa wa yai ziegemeze kijiti, Mnene huvunja tawi.

Hapo ndipo wema wangu unapoishia leo.

Ulisema nisome tena ya kwanza. Nimeisoma, na nakueleza nilivyoisoma mara ya kwanza, maana hujui. Tarehe saba Januari lori la mafuta lilifika kambini. Nilikuwa juu ya greda, injini inawaka. Karani akaninyooshea bahasha mbili, zote mwandiko wako. Nikafungua ya juu: Mama amefariki, tumezika jana. Nikafungua ya chini: Mama anakuita, njoo haraka. Kwa mpangilio huo, Mkasi. Dada yangu alikufa kwanza, kisha akaniita.

Niliposhuka nilikaa kwenye gurudumu. Nikasema lori limechelewesha, au karani ameisahau moja kwenye droo. Nikamwendea kumgombeza, mzee wa watu. Akazigeuza bahasha akanionyesha. Ya kuniita, ndani umeandika tarehe kumi na mbili Desemba. Ya msiba, ndani umeandika tarehe thelathini. Nje zote mbili zina muhuri wa posta ya mtaani kwenu, tarehe thelathini. Muhuri mmoja, hata wino umeteleza upande ule ule. Mtu wa dirishani alizipokea pamoja akazigonga moja baada ya nyingine.

Siku kumi na nane. Kwa greda lenyewe ningefika.

Unaniuliza kwa nini sikuja hata baada ya maziko. Ningekuja ningeingia nyumba ile na bahasha mbili mkononi. Ningekuuliza mbele ya watu, ningekupiga mbele ya watu, na dada asingependa mwanawe apigwe mbele ya watu. Nikabaki huku. Nikasema atasema mwenyewe. Aprili ukaniandikia majani ya manjano. Nikajibu majani. Mei ukaniandikia maua, na matusi juu yake. Nikajibu maua. Sasa unaniambia uliwaambia waombolezaji kwamba uliituma mapema.

Barua ilikaa wapi?

Mama mdogo


20 Julai

Mama mdogo, shikamoo.

Wote wazima.

Posta hukosea. Kila mtu anajua posta hukosea. Mtu wa dirishani pale anapiga muhuri huku anakula, anaweza kupiga tarehe ya mwaka kesho. Kama unataka kumwamini mtu wa dirishani kuliko mtoto wa dada yako, sawa, andikiana naye.

Nyanya zimeharibika, ufurahi. Sita kati ya kumi na tatu zimeshika weusi kwenye kitako. Inaanza kama doa la maji, halafu inadidimia, inakuwa nyeusi na ngumu kama ngozi ya kiatu. Juu nzima, chini imeoza. Nimesaga maganda ya mayai nikafukia. Hakuna kilichobadilika. Kipara anasema ni jicho la watu, kwa sababu niliwapandisha wateja. Mimi nasema mbegu za mama zimenichoka.

Saba zimebaki. Zikiharibika na hizo sitaandika tena, maana sitakuwa na cha kuuliza.

Mkasi


6 Agosti

Mkasi,

Si jicho, na maganda ya mayai yanachukua miezi mingi kulainika. Kitako cheusi hutokea maji yakikatika, udongo ukikauka kabisa, kisha maji yakarudi kwa kishindo. Mmea unashindwa kufikisha chokaa mpaka mwisho wa tunda. Kwenye ndoo hutokea upesi, ndoo haina akiba.

Barua yangu ya Julai ilikufikia lini? Na baada ya hapo hukupanda paa siku ngapi?

Huna haja ya kunijibu. Nyanya zimeshajibu.

Zilizoharibika zitoe, zisiule mmea bure. Funika udongo kwa majani makavu. Mwagilia kila asubuhi, kiasi kile kile, hata ukiwa umenikasirikia, hasa ukiwa umenikasirikia.

Posta haikosei siku kumi na nane kwa bahasha moja na kupatia kwa ya pili.

Sijakusamehe, na sikuahidi kwamba nitakusamehe. Wala sitaki uniombe radhi, radhi utaandika kwa mbwembwe kama unavyoandika kila kitu. Nataka useme ilikaa wapi. Mimi hapa ninapofika mwisho wa kila kilomita nageuza greda, na kila nikigeuza nasema pengine alikuwa hana hela ya stempu, pengine aliumwa, pengine aliiangusha. Nimechoka kukutungia visingizio. Vyako vimeisha, na vyangu vimeisha.

Mama mdogo


25 Agosti

Mama mdogo, shikamoo.

Mimi mzima, Kipara mzima. Mwenye nyumba mzima, amehamishia kamba yake ya nguo upande wa pili wa nyumba na jana alinisalimia kwa kichwa.

Siku nne. Barua yako ya Julai ilipofika sikupanda paa siku nne. Ya tano nikapanda nikazikuta zimelala ubavu, nikazimwagia ndoo nzima nzima kwa hofu. Kwa hiyo ni kweli, zilishajibu.

Tangu hapo nimemwagilia kila asubuhi, kiasi kile kile, kwa kopo la poda nililolipima. Saba zimebaki saba. Ijumaa, ile ya kwanza imeiva. Niliiweka kwenye meza ya kazi kati ya vitana, imefunika vitana vitatu, na mabega yake yamebaki ya kijani kama zilivyokuwa zake. Wateja walidhani ni ya plastiki.

Barua ilikaa kwenye koti langu. Koti la kazi, mfuko wa kushoto, pamoja na wembe.

Niliiandika tarehe kumi na mbili kweli, yeye anatamka, mimi naandika. Nikaifunga mbele yake. Nikamwambia naipeleka. Posta iko mkabala na saluni, hata usipovaa viatu unafika. Nimepita mbele ya lile dirisha mara mbili kwa siku, siku zote hizo.

Miezi mitatu nilimwosha mimi. Nilimlisha uji, nilimkata kucha, nywele zilipoanza kunyonyoka nilimnyoa polepole na akasema mkono wangu mwepesi. Lakini mlango ukilia anainua kichwa anauliza, “Ni yeye?” Na mlangoni nilikuwa mimi. Kila siku mimi, nani mwingine. Nasema ni mimi, mama. Anasema, “Aa, ni wewe,” analaza kichwa. Hiyo “Aa, ni wewe” ndiyo iliyoishika barua. Nikasema nitaipeleka kesho, siku atakayofurahi kwamba ni mimi. Hiyo siku haikuja. Alipofariki nikaandika ya pili, nikazitoa zote dirishani kwa pamoja, ili ionekane nilikuita ukakataa. Nani huangalia muhuri. Nikawaambia watu hivyo mpaka nikaanza kuamini, na nikakukasirikia kweli kweli, kama mtu aliyeonewa.

Umesema hutaki radhi, sikuandikii radhi. Na nisikudanganye tena: hasira bado ninayo. Nina hasira kwamba alikutaka wewe. Siku nyingine naamka nayo, na hakuna wa kumpa, yeye hayupo na wewe huna kosa. Nipo nayo tu kama zile ndoo kabla sijazitoboa. Wewe nawe kaa na yako, ni haki yako. Sikuombi uimwage.

Nyanya nimeikata Ijumaa ile ile. Nimekamulia mbegu kwenye glasi na maji yake, nikaacha siku tatu mpaka ikatoa povu, nikaziosha, nikazianika kwenye kipande cha kalenda kama alivyokuwa anafanya. Sitini na mbili. Thelathini na moja ziko ndani ya bahasha hii, na zangu nimezirudisha kwenye kopo la vifungo. Usizipande zote. Ziweke panapofungwa, panya wasizione.

Hivi ninavyoandika ni saa nne asubuhi, zile dakika kumi zangu za nyuki. Kuna mteja kwenye kiti changu amenyolewa nusu kichwa. Kipara ameniuliza naandika nini wakati mtu wa watu anasubiri, nimemwambia navuka barabara, narudi sasa hivi. Koti nimelivua. Bahasha naibeba mkononi.

Juu ya barua hii nimeandika tarehe ishirini na tano. Angalia muhuri.

Mkasi